Stenti imeshawekwa, kwani mshipa umepona?

*Asalaam aleykum. Baba yetu wa Makunduchi alivuka kwenda Dar es Salaam akazibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti. Karudi, anatembea vizuri, kifua hakimuumi. Anasema keshapona, vidonge vya nini tena?*

Waaleykum salaam. Nakuombeni mumshike asiache. Damu inapita, ila jeraha la ndani bado. Stenti ni wavu wa chuma uliokandamizwa kwenye ukuta wa mshipa, na ukuta huo huchubuka. Chuma kikiwa wazi, damu yaweza kuganda juu yake na kuuziba mshipa ghafla. Ni kama nyumba ya Mji Mkongwe: mawe yameshapangwa upya, lipu ya chokaa bado, na masika yanakuja. Lipu hiyo ni tishu nyembamba inayoota juu ya kila kijiti cha wavu. Stenti nyingi za sasa zimepakwa dawa ili tishu isiote kupita kiasi, kwa hiyo kufunikwa huchukua miezi.

*Kunaonekana wapi huko kupona?*

Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyeshi. Kipo kipimo kiitwacho OCT: waya mwembamba huingizwa kupitia mshipa wa mkono au wa paja mpaka kwenye moyo, ukamulika kwa mwanga usioonekana kwa macho. Damu huuzuia mwanga huo, basi husukumwa kando kwa dawa ya rangi, sekunde chache tu, picha zikapigwa. Huonyesha vitu vya maikroni 10 hadi 20, vyembamba kuliko unywele. Kwenye skrini mshipa ni duara. Kila kijiti ni nukta inayong'aa yenye kivuli nyuma yake. Kilichofunikwa kina utando wa kijivu juu yake, kisichofunikwa kiko uchi. Hata hivyo, safu ya seli moja moja inayopaswa kuutandika utando huo ni nyembamba mno, OCT haiioni.

*Basi naye apimwe?*

Kwa kawaida hapana. Hufanywa wakati wa kuweka stenti, au ikileta matatizo, na katika utafiti. Baba afuate muda aliopewa: dawa mbili za kuzuia damu kuganda, mara nyingi miezi 6, au 12 kama alipata shambulio la moyo, kisha moja huendelea. Daktari wake ndiye wa kupunguza. Mwezi wa Ramadhani ukija, amuulize daktari jinsi ya kuzipanga kati ya futari na daku. Akienda kung'oa jino, aseme kwanza kuwa ana stenti.