Maumivu yako leo ni vidole vingapi?

Ukiwa kliniki ya saratani halafu akaja nesi na karatasi yake akaanza kukuuliza siku tatu hizi maumivu yamekuwaje, umelala vipi, una wasiwasi gani, watu wengi wanadhani ni takwimu tu hizo, kuna mtu anatafuta digrii. Mimi kazi yangu ndo hiyo. Ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, na nafanya utafiti wa jinsi wagonjwa wa saratani wanavyoishi na ugonjwa wao, kwa hiyo leo nataka nieleze vizuri kwa nini yale maswali ni sehemu ya matibabu kabisa, sio nyongeza.

Tuanze na kitu tunachokijua wote. Mgonjwa wa kwetu ukimuuliza unaendeleaje, anakwambia "nashukuru Mungu" au "afadhali ya jana", hata kama usiku kucha hajafumba jicho. Tumelelewa hivyo, mtu hataki kulalamika mbele za watu, na hataki kumchosha daktari ambaye anaona kabisa foleni imefika mlangoni. Wengine wanaogopa kwamba wakisema wanaumwa sana daktari atasimamisha dozi. Wazee ndo kabisa, mama wa miaka sabini hawezi kuanza kumwambia kijana wa umri wa mjukuu wake kwamba siku ya nne sasa hajapata choo. Basi kwenye faili inaandikwa anaendelea vizuri, mgonjwa anapanda daladala anarudi nyumbani na maumivu yake yote. Sehemu kubwa ya utafiti wa ustawi wa wagonjwa ni hiyo tu, kutafuta namna ya kulipita lile jibu la adabu bila kumvunjia mtu heshima.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote kimetengenezwa huku huku Afrika. Jumuiya ya huduma shufaa ya Afrika, APCA, wenye makao yao Kampala, walichukua dodoso, yaani orodha ya maswali, lililokuwa limetungwa chuo cha King's College London wakalifanyia kazi upya na wahudumu wa nchi mbalimbali za Afrika, likapimwa Uganda na Afrika Kusini kuona kama kweli linapima kinachotakiwa, na matokeo ya upimaji huo yakachapishwa 2010. Lina maswali 10 tu. Saba ya mgonjwa, matatu ya anayemuuguza. Kila swali linajibiwa kwa namba kuanzia 0 mpaka 5, na hapa ndo uzuri wake ulipo, mgonjwa anaweza kujibu kwa mkono. Ngumi iliyofungwa ni sifuri, vidole vyote vitano ni tano. Asiyejua kusoma anajibu, aliyechoka kuongea anajibu, mwenye saratani ya koo ambaye sauti imekata anajibu. Na nimeona mara nyingi, mtu yule yule aliyesema "nashukuru Mungu" ukimwomba akuonyeshe maumivu kwa vidole ananyoosha vinne bila kusita, maana kunyoosha vidole hakumfanyi ajione analalamika.

Ila uwe makini, namba hazisomeki upande mmoja. Kwenye maumivu vidole vitano ni hali mbaya kabisa, lakini kuna swali linauliza kama umekuwa na amani moyoni, na lingine kama unaona maisha yako yana thamani, huko vitano ndo vizuri. Nesi mgeni anayejumlisha tu bila kufikiri anapata jibu la ajabu.

Watu wananiuliza hayo ya amani yanaingiaje kwenye utafiti wa hospitali, si kazi ya shehe na mchungaji? Kuna utafiti ulifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wagonjwa walio kwenye huduma shufaa, wengi wao walikuwa na virusi vya UKIMWI na sehemu yao saratani, wakaulizwa ni kitu gani kina uzito zaidi kwenye maisha yao. Kuwa na amani na kuona maisha yana maana vilikuwa juu kuliko mwili kutulia na kuliko hata kuweza kufanya shughuli. Hiyo haina maana maumivu yaachwe, hapana jamani, maumivu yanatibika na kuyaacha ni dhuluma. Maana yake ni kwamba ukimaliza kumpa mtu dawa ya maumivu bado hujamaliza kazi.

Sasa swali la msingi, kuuliza kunasaidia nini? Mwaka 2017 timu ya daktari Ethan Basch ilitoa matokeo kutoka hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York. Wagonjwa 766 waliokuwa kwenye kemo, saratani zimeshasambaa, waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapata huduma ya kawaida, lingine likawa linaripoti dalili zake kwa kompyuta, dalili 12 kama maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na kadhalika, na dalili ikizidi nesi anapata taarifa. Waliokuwa wanaripoti muda wao wa katikati wa kuishi, yaani ule ambao nusu yao waliuvuka, ulikuwa miezi 31.2, wale wa kawaida miezi 26. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa pale. Zipo dawa za saratani za bei ya kutisha ambazo zinashangiliwa kwa kuongeza muda mfupi kuliko huo. Watafiti wanadhani sababu ni kwamba matatizo yalishikwa mapema, nesi akapiga simu, dawa ikabadilishwa, mtu hakukimbizwa emajensi, na akaweza kuendelea na kemo kwa muda mrefu zaidi kwa sababu mwili haujachoka kabla ya wakati.

Kabla ya hapo, 2010, huko Boston daktari Jennifer Temel na wenzake walikuwa wameshaonyesha kitu kinachofanana na hicho kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliounganishwa na timu ya tiba shufaa tangu mwanzo walikuwa na hali bora, wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 16 ukilinganisha na 38 kwa wenzao, na waliishi muda wa katikati wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9, ingawa walipewa tiba kali chache zaidi mwishoni. Utafiti huu ninautaja kila ninapokutana na familia inayokataa mgonjwa wao asiletwe kwetu kwa sababu "tiba shufaa ni ya wanaokufa". Sio kweli, na imani hiyo inawatesa watu bure.

Na hapa nyumbani je? Kuna kazi iliyochapishwa 2012 kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, walitumia dodoso la Ulaya la maswali 30 kwa Kiswahili halafu wakakaa na wagonjwa kwenye vikundi wakawasikiliza. Vilivyojitokeza kwa nguvu ni maumivu na shida ya pesa. Mimi hilo la pesa ndo naona tunalipuuza sana tunapoongelea ustawi, mtu ametoka Kigoma au Mtwara anatakiwa akae Dar wiki tano za mionzi, hana ndugu, anawaza nauli, anawaza shamba, anawaza watoto aliowaacha kwa jirani, halafu wewe unampima "wasiwasi" unaandika 5 na unataka kumpa kidonge cha usingizi. Namba ni ile ile lakini tiba yake ni ofisa ustawi wa jamii na sehemu ya kulala. Ndo maana nasisitiza namba iambatane na maongezi.

Pale pale Ocean Road pia ilijaribiwa programu ya simu, maswali yale 10 ya Afrika yanamfikia mgonjwa au anayemuuguza akiwa nyumbani, majibu yanarudi kwa watu wa tiba shufaa, ikalinganishwa na kupigiwa simu ya kawaida. Nchi yetu ni kubwa, mgonjwa akishavuka Chalinze tulikuwa hatujui tena habari zake mpaka arudi au asirudi, kwa hiyo utafiti wa namna hii nauona una faida kubwa kwetu kuliko hata kwa hao wa New York.

Kwenye maumivu Waganda wametutangulia na tuwape haki yao. Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, na mofini, ile dawa kali ya maumivu, wanayotumia ni unga unaochanganywa na maji, mgonjwa anakunywa nyumbani, bei yake ndogo sana, na tangu 2004 sheria yao inaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Huku bado nakutana na ndugu wanaificha chupa ya mofini kabatini wakiogopa mgonjwa atakuwa teja. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini kwa maumivu, kwa dozi aliyopangiwa na kwa saa zake, hiyo hofu isimnyime usingizi. Kinachotakiwa kuogopwa ni kukosa choo, hilo linawapata karibu wote, kwa hiyo ukipewa mofini uliza pia dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo.

Uchovu sasa. Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala, na sisi mgonjwa tunamlaza, mama usifagie, baba usitoke, anakaa kitandani mpaka miguu inanyong'onyea. Mwaka 2017 zilijumlishwa tafiti 113 zenye watu zaidi ya 11,000, ikaonekana mazoezi na ushauri wa kisaikolojia vinapunguza uchovu huo kuliko dawa. Na 2025 yakatoka matokeo ya watu 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha maliza upasuaji na kemo, nusu wakapewa programu ya mazoezi ya miaka mitatu yenye mtu wa kuwasimamia, baada ya miaka mitano asilimia 80.3 yao walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, kwa waliopewa kitabu cha maelekezo tu ni 73.9. Kutembea kwa kasi kulihesabika. Kama saratani imeingia kwenye mifupa ongea na daktari kwanza, mfupa unaweza kuvunjika.

Na kukosa hamu ya kula, ambako kunagombanisha familia nyingi mezani. Pondicherry huko India walijaribu olanzapini miligramu 2.5 kila usiku kwa wiki 12, wagonjwa 124 wanaoanza kemo, matokeo yakatoka 2023, walioongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 5 walikuwa 60 kwa mia, kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa 9 kwa mia. Ni dawa ya zamani, ya magonjwa ya akili kwa dozi kubwa, kwa hiyo ukiandikiwa na daktari usishtuke ukisoma karatasi yake, na usiende kuinunua mwenyewe duka la dawa.

Kuna eneo moja ambalo linaniumiza. Saratani ya shingo ya kizazi ndo inaongoza kwa wanawake Tanzania, wengi wanatibiwa kwa mionzi, na mionzi inaweza kuufanya uke ukauke na kubana, tendo la ndoa likawa mateso. Kuna dodoso maalum la saratani hii lenye maswali ya hayo mambo, lakini mara ngapi nimeona ukurasa ule umeachwa wazi, aliyekuwa anauliza kaona aibu kuliko hata aliyekuwa anaulizwa. Mwanamke anarudi kwa mume bila kuambiwa chochote, ndoa inavunjika, na ripoti inasema tiba imefanikiwa. Wakati vilainishi vipo, vifaa vya kutanulia uke vipo, maelekezo yapo. Dada, mama, kama hujaulizwa sema mwenyewe, omba muuguzi wa kike mkae pembeni. Na mtafiti mwenzangu, usiruke ule ukurasa.

Yale maswali matatu ya anayeuguza pia msiyaache: umepata taarifa unazohitaji, unajiamini kumhudumia, una wasiwasi kiasi gani. Binti aliyeacha biashara yake kumuuguza mama yake naye anyooshe vidole.

Mwisho, ukiombwa kushiriki utafiti wowote unasomewa fomu ya ridhaa. Uliza umepitishwa na kamati gani ya maadili, ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au ya chuo, uliza majibu yako atayaona nani, na uliza swali hili hasa: nikisema leo maumivu ni vidole vitano, nani atafanya nini, na lini? Mtafiti aliyejiandaa ana jibu. Asipokuwa nalo una haki ya kukataa, na una haki ya kujitoa hata katikati, matibabu yako yanaendelea kama yalivyokuwa.