Mgongo wazi na kichwa kikubwa: maswali ya wazazi wa Dodoma

Je, watoto wanaozaliwa na kasoro ni wengi?
Ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, 6 hivi huwa na kasoro ya kuzaliwa. Hesabu ya wodi ya wazazi ni pungufu siku zote: tundu la moyo huenda lisionekane siku ya kujifungua, na mtoto aliyezaliwa nyumbani kijijini akafariki haingii kitabuni.

Mgongo wazi ni nini? Na kichwa kikubwa?
Mgongo wazi ni pingili za uti wa mgongo kutofunga, hata neva zikajitokeza kama uvimbe au kidonda. Kichwa kikubwa ni maji kujaa ndani ya ubongo. Mara nyingi vyote viwili humpata mtoto mmoja.

Bibi anasema tungoje arobaini ndipo mtoto atoke nje. Kuna ubaya?
Upo, tena mkubwa. Kidonda cha mgongo kinatakiwa kufungwa na daktari wa upasuaji ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo mtoto huyo hupelekwa hospitali siku ile ile aliyozaliwa. Kwa heshima zote kwa bibi, arobaini haimhusu.

Tupake dawa ya kienyeji huku tukitafuta nauli?
Msipake chochote. Hapa hospitalini tunawapokea watoto ambao uvimbe umegandamana na majivu na samli, nasi hulazimika kuloweka na kubandua taratibu huku mtoto akiwaka homa, kwa sababu vijidudu vimekwisha kupanda hadi kwenye ubongo. Funikeni kwa kitambaa safi, mlazeni kifudifudi au kiubavu, mwondoke.

Kichwa kinakua polepole, na mtoto ananyonya vizuri. Tusubiri?
Msisubiri. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi anapozaliwa, na muuguzi hukipima kwa utepe kwa dakika moja. Utosi ukifura, au macho yakielekea chini kama jua linalozama, mmeshachelewa, na muda mnaoutumia kumtafuta jirani aliyeroga ndio muda ambao ubongo unazidi kubanwa. Wala msisubiri mavuno ili mpate fedha, njooni kwanza.

Nilihudhuria kliniki na kumeza FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na vitamini ya asidi ya foliki. Mbona imetokea?
Kosa si lako, lakini ulianza lini? Wengi hunijibu: mwezi wa tano wa mimba. Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama mwenyewe bado hajajua kama ni mjamzito, na ndiyo maana asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, huanzwa kabla ya mimba. Hupunguza sana hatari, ingawa haiiondoi yote. Kunde na mboga za majani vinasaidia lakini peke yake havitoshi, na unga unaosagwa kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hauongezwi virutubisho. Aliyekwisha kumzaa mtoto wa namna hii huhitaji dozi kubwa mara kumi, kwa maelekezo ya daktari, naye anapaswa kuja kuiomba kabla hajashika mimba nyingine.