Ekzosi na nguvu za injini isiyo na tabo: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Ukiuliza Gerezani au Ilala namna ya kuiongezea nguvu IST au Altezza, jibu la kwanza litakuwa ekzosi, yaani mfumo wa kutolea moshi: toa masega (kile kifaa chenye vitundu kinachosafisha moshi), weka bomba pana, badilisha sailensa. Nayapenda magari haya, na inaniuma kuona vijana wakilipa fedha za jasho kwa kazi inayoliacha gari na kelele nyingi na mwendo uleule. Ekzosi inaweza kuongeza nguvu kweli, lakini kiasi chenyewe ni kidogo kuliko kinavyotangazwa, na hupatikana kwa njia nyembamba.

Injini isiyo na tabo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, huvuta hewa kwa kutegemea mgandamizo wa anga, ambao hapa Dar, usawa wa bahari, ni takriban kilopaskali 101. Hakuna kinachoisukumia hewa ya ziada. Inachoweza ekzosi ni kuondoa moshi uliobaki ndani ya silinda ili hewa mpya ipate nafasi, na kuipunguzia pistoni kazi ya kuusukuma nje. Faida yoyote utakayoipata inatoka hapo.

"Ikinguruma zaidi, ina nguvu zaidi"

Subaru wenyewe wamelijibu hili. Ule mngurumo wa Impreza za zamani, unaopendwa na wengi, unatokana na mabomba ya heda (yale yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda) yasiyolingana urefu: moshi wa silinda moja unafika mapema, wa nyingine unachelewa. Kwenye Legacy iliyotoka 2003 kampuni ilisawazisha urefu wa mabomba hayo ili moshi utoke kwa mpangilio mzuri. Mngurumo ukatoweka, na injini ikawa inapumua vizuri zaidi.

Sikio linadanganya, na hali ya hewa nayo inadanganya. Hewa ya alfajiri ya Julai, nyuzi 20 hivi, ina uzito wa takriban asilimia 4 zaidi ya hewa ya mchana wa Februari wenye nyuzi 33. IST ya sisi 1500 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 109. Kwa hiyo hali ya hewa peke yake inaweza kukupa au kukunyang'anya farasi wanne, na sailensa mpya na bomba lake la nyuma kwenye injini kama hiyo kwa kawaida haziongezi zaidi ya hapo. Mtu aliyefungiwa sailensa mchana wa jua akaijaribu gari Barabara ya Bagamoyo kabla hakujapambazuka, ataapa kwamba imebadilika. Bila mashine ya daino, inayopima nguvu za injini, au angalau kupima gari hilohilo kwenye joto lilelile na mzigo uleule, hujapima kitu.

"Toa masega gari ikimbie"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na ina sababu. Wapo waliotoa masega na gari likaamka kweli. Lakini tazama ni magari gani. IST ya 2004 leo ina zaidi ya miaka 20. Injini iliyoanza kula oili hujaza majivu kwenye vitundu vya masega. Plagi au koili ikifa, petroli isiyoungua huenda kuungulia humohumo ndani na kuyayeyusha. Masega yaliyoziba yanaikaba injini: gari linapanda vizuri mwanzoni, ukikanyaga zaidi linagoma. Ukiyatoa, unarudishiwa farasi ulionunua nao gari. Hakuna hata mmoja aliyeongezeka.

Masega mazima kwenye injini ndogo yanazuia kidogo sana. Kabla hujamruhusu fundi akate, mwambie afungue sensa ya oksijeni ya mbele (inayopima hewa iliyobaki kwenye moshi) na kufunga geji ya mgandamizo kwenye tundu lake. Injini ikiwa saileni, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, geji isizidi PSI 1.5 hivi; kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, isizidi 3. Ikiwa chini ya hapo, masega yako hayana kosa. Ikiwa juu, tafuta kwanza kilichoyaua, maana ukifunga mapya kwenye injini inayokula oili yatakufa vilevile.

Na ujue unachokitoa. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana wapo wanaoyanunua, na fundi anayekushauri kuyatoa anaweza kuwa ndiye anayeondoka nayo. Kazi ya madini hayo ni kupunguza kabonimonoksaidi, mabaki ya petroli na gesi za naitrojeni. Kwenye foleni ya Ubungo jioni, vioo vikiwa chini, gesi hizo anazivuta bodaboda aliye nyuma yako na mtoto aliye kwenye daladala. Mimi silioni jambo hilo kuwa dogo.

"Bomba pana ndiyo mpango mzima"

Gerezani hiyohiyo utasikia pia kinyume chake, kwamba injini lazima ikabwe kidogo ndipo ivute. Zote mbili si sahihi. Hakuna injini inayofaidika kwa kukabwa. Inachohitaji ni moshi kutoka kwa kasi. Valvu ya kutolea inapofunguka, moshi hutoka kwa pigo, na nyuma ya pigo hilo hubaki mvuto. Kuna muda mfupi valvu ya kuingiza na ya kutolea zote ziko wazi. Mvuto ukifika hapo, unatoa mabaki ya moshi na kusaidia kuvuta hewa mpya. Ukiweka bomba la inchi 3 kwenye sisi 1500, moshi unapoa na kuzubaa, na nguvu kwenye mizunguko ya chini inapungua. Kwa injini za sisi 1300 hadi 1500, inchi 1.75 hadi 2 zinatosha. Kwa sisi 2000, karibu inchi 2.25.

Mwenye Forester ya tabo akikuambia bomba pana limemsaidia, mwamini. Tabo inapenda kitu chochote kinachopunguza mgandamizo nyuma yake. Ushauri wake hauhamii kwenye gari lako.

"Heda inafungwa na kazi imekwisha"

Faida kubwa zaidi ya ekzosi iko kwenye heda, karibu na injini. Heda ya nne kwa moja, ambayo mabomba manne huungana mara moja kuwa moja, hunufaisha mizunguko ya juu. Ya nne kwa mbili kwa moja, ambayo huungana kwanza kuwa mawili, hunufaisha ya kati, na kwa gari la mjini hiyo ndiyo yenye maana. IST hufikia nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 6,000. Kutoka Mwenge hadi Posta utaifikia mara ngapi?

Halafu kontroli boksi, kompyuta ya injini, nayo isomeshwe upya kuhusu mafuta na muda wa cheche. Heda nzuri pamoja na kazi hiyo inaweza kuleta asilimia 5, pengine zaidi kidogo kwa injini iliyobanwa kiwandani. Altezza yenye injini ya Beams na gia za mkono ilitoka na farasi 210 kwenye mizunguko 7,600. Toyota walishachuma karibu kila faida iliyokuwa rahisi kuipata.

Ile milipuko ya nyuma unapoachia mafuta ni petroli inayoungua ndani ya bomba. Haisukumi tairi.

Kinachopoteza watu wengi ni uchomeleaji. Ufa mdogo kati ya injini na sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje kati ya pigo na pigo. Sensa inadhani mafuta ni machache, kontroli boksi inaongeza, gari linakunywa wese na nguvu haionekani. Kabla hujalipa, washa gari likiwa baridi, fundi azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, nawe usikilize maungio moja baada ya jingine hadi kwenye gasiketi ya heda. Panapovuja moshi au kutoa mluzi, parudiwe.