Mpaka wa bodi si umbo lililochorwa

Kijana mmoja ninayemfundisha alikuja wiki iliyopita na bahasha ya bodi tano za saketi kutoka kiwandani, uso umemshuka. Aliagiza bodi ya duara yenye kipenyo cha milimita 60, ya kuingia kwenye kichwa cha taa ya sola iliyoungua. Zilizofika ni za mraba, milimita 70 kwa 70, na katikati ya kila moja pana duara jeupe la wino, limechapwa safi kabisa.

"Mwalimu, wamekosea hawa. Umbo nililichora, angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Duara lilikuwa kwenye tabaka la wino mweupe, lile linaloandika R1 na C2 pembeni ya vifaa. Kwenye tabaka la Edge.Cuts, ambalo kiwanda hulifuata kukata, kulikuwa na mraba aliouweka siku ya kwanza ili apate pa kupanga vifaa vyake, kisha akausahau. Kiwanda kilikata kilichoambiwa kikate, kikachapa kilichoambiwa kichape. Hii ni mara ya nne au ya tano naliona kosa hili, na kila mara aliyelifanya huniambia sentensi ileile: umbo nililichora.

Mpaka wa bodi ni njia iliyofungwa inayokionyesha kiwanda mahali pa kupitisha kisu. Kilichobaki ndani ni bodi, cha nje ni taka. Katika programu za kuchora bodi, KiCad huuweka kwenye Edge.Cuts, EAGLE kwenye tabaka namba 20, na Altium ina amri ya kugeuza mistari uliyoichagua kuwa mwili wa bodi. Ukitaka bodi ya duara, ya jani au ya ramani ya kisiwa, unachora kwa mistari na matao humohumo, au unachora kwenye programu nyingine ya michoro kama Inkscape au FreeCAD na kuingiza faili la mchoro la DXF au SVG. Kama ulitaka maana tu, umeipata. Ninachotaka kukizungumzia ni maneno yenyewe, maana kosa la yule kijana lilianzia mdomoni kabla halijafika kwenye kompyuta.

Umbo linatokana na kuumba. Ni sura ya kitu, jinsi kinavyoonekana. Kivuli kina umbo, picha ina umbo, hata wingu. Ukimwambia mtu "chora umbo la bodi" atachora sura, na sura unaweza kuichora kwenye tabaka lolote ikaonekana vilevile kwenye skrini. Wengine husema fremu, na fremu ni mbaya zaidi, kwa sababu fremu ina unene: ni mbao nne zilizoizunguka picha, na ni kitu cha kuongezwa juu ya kingine. Na neno bodi lenyewe halitusaidii. Kiswahili kiliokota maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana kwa sauti na kuyafanya moja, ndiyo maana tuna bodi ya wakurugenzi na tuna bodi ya basi. Fundi wa simu akisema bodi anamaanisha kile kibao cha kijani chenye saketi. Mteja wake akisikia "umbo la bodi" anafikiria kasha la simu. Nimewahi kushuhudia watu wawili wakikubaliana bei ya kazi huku kila mmoja ana bodi yake kichwani.

Mpaka ni neno jingine kabisa. Liko pamoja na kupakana: shamba langu limepakana na la jirani. Mpaka haupo mpaka utenganishe kitu na kingine, huku na kule. Tazama mashamba yetu. Watu hupanda minyaa mpakani, na minyaa hunenepa, miaka ikipita ua unakuwa na upana wa hatua mbili. Lakini mpima ardhi akija hapimi minyaa. Anatafuta mawe, anavuta mstari kutoka jiwe hadi jiwe, na mstari ule hauna upana hata wa uzi. Minyaa ni alama tu ya mahali mpaka unapopita.

Mstari unaouchora kwenye Edge.Cuts ndiyo hiyo minyaa. Programu hukulazimisha kuupa unene fulani ili uonekane, lakini mpaka wenyewe ni mstari wa katikati yake, usio na unene. Kiwanda makini husoma katikati. Kwa hiyo duara la kipenyo cha milimita 60 lililochorwa kwa mstari mnene linatoa bodi ya milimita 60, si 60 na ushee. Anayefikiria fremu huanza kupunguza kipimo ili kufidia unene wa mstari, bodi ikifika inacheza ndani ya kasha.

Kuna kosa la pili ambalo siwalaumu watu sana, kwa kuwa lina historia. Utasikia fundi mzoefu akisema, "mpaka uko kwenye faili la GKO," yaani moja ya mafaili yanayotumwa kiwandani, ambalo jina lake huishia na herufi hizo. Herufi KO ni kifupi cha maneno ya Kiingereza "keep out", yenye maana ya kuzuia: eneo ambalo njia za shaba hazitakiwi kuingia. Zilitoka kwenye Protel, programu iliyoanzia Tasmania, Australia, mwaka 1985, ambayo leo ndiyo Altium. Kifaa chake cha kupitisha njia kwa kujiendesha kilihitaji kuzungushiwa uzio wa marufuku ili kisitoke nje, na watu wakazoea kuuchora uzio huo palepale kwenye ukingo wa bodi. Mstari mmoja ukafanya kazi mbili. Viwanda vikaona mafaili yanakuja bila mpaka mwingine, vikaanza kukata kwa kufuata GKO. Mazoea yakawa desturi, na hadi leo EasyEDA, programu nyingine ya kuchora bodi, hutoa mpaka wake kwa jina hilohilo, ilhali KiCad, ukiiomba mafaili yenye majina ya mtindo wa Protel, huuita GM1.

Lakini marufuku si mpaka. Kwa kawaida kiwanda hutaka shaba ikae ndani ya mpaka kwa milimita 0.2 au 0.3 hivi, kwa sababu kisu kikigusa shaba huichana na kuacha nyuzi zinazoweza kugusana. Kwa hiyo ukichora eneo la marufuku inavyotakiwa, halitalala juu ya mpaka, litakuwa ndani yake kidogo. Na marufuku inaweza kuwa katikati ya bodi pasipokatwa chochote, mfano chini ya antena. Aliyezoea kuyaita yote mawili kwa jina moja siku moja atatuma marufuku ya antena ikatwe iwe tundu. Wanaotunza kiwango cha Gerber, yaani mtindo wa mafaili ya bodi yanayotumwa kiwandani, kampuni ya Ucamco ya Ubelgiji, walilishughulikia jambo hili kwenye toleo la X2 la mwaka 2014: faili sasa linaweza kujitambulisha lenyewe ndani kwamba mimi ndimi mpaka, bila kutegemea herufi tatu za mwisho wa jina lake.

Sasa rudi kwenye jina Edge.Cuts. Ni maneno mawili, ukingo na mikato, na wengi husoma la kwanza tu. Tabaka hili halibebi ukingo wa nje peke yake. Kila njia iliyofungwa iliyo ndani ya njia nyingine inasomwa kuwa tundu la kukatwa: dirisha la skrini, mfereji wa kutenganisha upande wa umeme wa nyumbani na upande wa volti ndogo. Ya nje inasema bodi inaishia hapa, ya ndani inasema hapa pasiwe na bodi.

Na kwa kuwa ni mikato, kumbuka kinachokata. Bodi ya kawaida ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, unene milimita 1.6, na kinachoipitia ni kisu cha duara kinachozunguka kama keekee, mara nyingi cha kipenyo cha milimita 2. Kisu cha duara hakiwezi kutoa pembe kali ya ndani. Ukichora herufi L, pembe zake za nje zitatoka kali, lakini ile ya ndani itabaki na tao la nusu kipenyo cha kisu, yaani milimita 1. Kama kuna kitu kinatakiwa kuketi pembeni pale, lichore tao hilo mwenyewe mapema. Anayewaza sura hashangai kuona pembe kali kwenye skrini. Anayewaza kisu anaiona shida kabla hajalipa.

Neno "iliyofungwa" nalo si la mapambo. Mpaka wa shamba wenye jiwe moja lililong'olewa ni ugomvi, na mpaka wa bodi wenye mwanya wa milimita 0.01 ni ugomvi vilevile, ila jicho halitauona. Mianya hii huja zaidi na mafaili ya DXF, pale ambapo tao na mstari havikukutana barabara. Kuna na la vipimo: faili likichorwa kwa inchi likasomwa kwa milimita, bodi inanywea mara 25.4. Kabla ya kutuma, fungua picha ya pande tatu. Programu ikishindwa kukuonyesha bodi yako ilivyokatwa, au ikalalamika kuhusu ukingo, mahali fulani jiwe halipo.

Zile bodi tano hatukuzitupa. Tulizibana kwenye jiliwa, tukakata pembe kwa msumeno wa chuma na kusugua kwa tupa tukifuata lile duara jeupe, barakoa usoni na maji yakidondoka ili vumbi la kioo lisiruke. Tulipomaliza kijana akafungua kompyuta, akalishika duara lake, akalihamishia Edge.Cuts. "Sasa umbo liko mahali pake," akasema, kidole tayari kwenye kitufe cha kutuma.

Nikamshika mkono. Mraba wake wa 70 ulikuwa bado upo kwenye tabaka hilohilo, na duara limekaa ndani yake. Kwa sura, kila kitu kilikuwa sawa. Kwa mpaka, alikuwa anaagiza bodi za mraba zenye tundu la milimita 60 katikati. Nikamwomba aniambie ipi ni ya nje na ipi ni ya ndani. Akanyamaza kidogo, akaubofya mraba, akaufuta.