"Mkubwa wao si alishafungwa?"

Juzi nimeulizwa tena. Mteja wangu, mama mwenye kesi ya hifadhi hapa Uingereza, ameona maandamano ya kupinga wahamiaji nje ya hoteli ya waomba hifadhi, akanipigia: "Kaka, hawa si mkubwa wao alishafungwa?" Tangu zile vurugu za kupinga wahamiaji za Agosti 2024 swali ni hilo hilo. Watu wanadhani siasa kali za mrengo wa kulia ni chama chenye kadi na mwenyekiti, ukimtia mwenyekiti ndani mchezo umekwisha.

Kundi la aina hiyo lilikuwapo. English Defence League, kundi la mitaani la kupinga Uislamu, ilianzia Luton mwaka 2009, na hadi Southport, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza zilikoanzia vurugu, inalipuka, ilikuwa imebaki jina tu. Mwanzilishi wake, Tommy Robinson, siku za vurugu hakuwa hata nchini. Alikuwa ng'ambo na simu yake, na simu ilitosha.

Fuateni saa zilivyokwenda. Jumatatu, 29 Julai 2024, wasichana watatu wanauawa kwa kisu kwenye darasa la dansi Southport. Siku hiyo hiyo jina la kubuni linazagaa mtandaoni: muuaji ni Mwislamu, kaja kwa boti. Chaneli ya Telegram iliyofunguliwa palepale inatangaza mahali na saa. Jumanne jioni msikiti wa Southport unapigwa matofali. Jumapili, hoteli ya waomba hifadhi karibu na mji wa Rotherham inataka kuchomwa moto na watu wamo ndani. Kadi za uanachama ziko wapi hapo? Waliofika walikuwa mchanganyiko: majirani wenye hasira, watafuta vurugu, na wachache wenye itikadi yao tayari. Wakaguzi wa polisi walipochunguza hawakupata ushahidi wa maana kwamba kundi moja lilipanga yote. Sasa mniambie, tumfunge nani?

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Lakini muuaji alikuwa mhamiaji." Alizaliwa Cardiff. Wazazi wake ndio walitoka Rwanda.

"Ni vijana wahuni tu." Waliotiwa hatiani wamo mtoto wa miaka 12 na babu wa miaka 69.

"Kila anayelalamikia wahamiaji ni fashisti." Hapana. Wengine wanalalamikia foleni ya daktari na kodi ya nyumba. Ukimtukana mtu huyo, unamsukumia kwa wanaomsubiri kule Telegram.

Halafu ile orodha ya 7 Agosti, ya ofisi za mawakili wa uhamiaji zitakazovamiwa. "Kuisambaza ni kuonyana." Jamani! Mimi ilinifikia mara kumi na moja, zote kutoka magrupu yetu ya WhatsApp. Usiku ule sehemu nyingi wavamizi hawakutokea. Walthamstow walijaa maelfu waliokuja kuwapinga. Ila mchana kutwa wateja wangu walikuwa wameghairi miadi na maduka yamefungwa mapema, kwa hofu tuliyofowadiana wenyewe. Ikija nyingine, piga picha ya skrini, wapelekee polisi, ufute. Na usiitume kwangu ukiuliza kama ni ya kweli.