Ramani ya mawazo ni nini, na inamfaa nani?

Ramani ya mawazo ni mchoro wa ukurasa mmoja. Wazo kuu hukaa katikati ya karatasi, na yale yanayotokana nalo hutawanyika pande zote kama matawi, kila tawi likizaa vijitawi vyake. Juu ya tawi huandikwa neno moja au mawili. Sentensi nzima haina nafasi pale. Aliyeivumisha duniani ni Mwingereza Tony Buzan, kuanzia miaka ya 1970, kwa vitabu na vipindi vya televisheni ya BBC, ingawa wasomi walikuwa wakipanga elimu kwa matawi karne nyingi kabla yake.

Mchukulie mwanafunzi wa sekondari hapa Tanga anayejiandaa na mtihani wa historia, mada ya uchumi wa kikoloni. Katikati anaandika MKONGE. Tawi la asili: 1893, Richard Hindorf, miche kutoka Florida, 62 tu iliyofika hai. Tawi la kazi: manamba, kambi, watu kutoka mikoa ya mbali. Tawi la usafiri: reli, bandari. Tawi la anguko: kamba za plastiki, bei kushuka, mashamba kutaifishwa 1967.

Mpaka hapo hajapata lolote ambalo noti zake hazina. Utamu unaanza anapotazama tawi moja kwa jicho la jingine. Reli ya kutoka Tanga nayo ilianza kujengwa 1893, ikafika Moshi 1911. Kwenye daftari, reli iko chini ya usafiri, mkonge chini ya kilimo, manamba chini ya kazi, na kati yao kuna kurasa kadhaa na pengine wiki mbili za vipindi. Kwenye ramani anavuta mstari mmoja kutoka tawi hadi tawi na maswali yanakuja yenyewe. Marobota ya katani yangefikaje bandarini bila reli? Na korona, ile mitambo ya kuchakata majani, ingelishwa na nani kila siku kama si manamba? Mtihani unaposema “eleza sababu”, majibu yamo kwenye mistari hiyo ya kukatiza, ambayo wengi hawaichori kabisa.

Wanachohangaikia wengi ni rangi. Utamkuta mtu na peni sita na karatasi ya manila, jioni nzima anapamba, kitabu kimefunguliwa mbele yake. Kunakili huko, hata kukiwa kwa rangi, hakumwachii mengi. Ule usemi kwamba rangi huamsha upande wa kulia wa ubongo nao umetiwa chumvi. Pande hizo mbili hazigawani kazi kirahisi hivyo. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha katika jarida la Science utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliochora ramani dhana, ndugu wa karibu wa ramani hii, huku maandishi yakiwa mbele yao, na waliosoma, wakafunika, wakajikumbusha. Waliojikumbusha walifanya vizuri zaidi. Basi funika kitabu, chora unachokumbuka, halafu fungua ujaze mapengo kwa peni nyingine. Hapo rangi ina kazi: inakuonyesha usichokijua.

Katika kubungua bongo mambo hubadilika kidogo. Tuseme kikundi cha vijana Muheza kinatafuta la kufanya na machungwa yanayoshuka bei msimu ukichanganya. Katikati: machungwa. Juisi, maganda, lori la Dar es Salaam, miche ya kuuza. Kila linalotajwa linachorwa, hata linalochekesha. Kuahirisha kukosoa ni kanuni aliyoisisitiza Alex Osborn, Mmarekani wa matangazo ya biashara, na ramani inaisaidia kwa kuwa haina namba moja wala namba kumi. Wazo la bwana mdogo aliyekaa kona haliangukii mkiani mwa orodha. Kuchuja kuje baadaye, mkiwa mmesimama mbele ya karatasi hiyo hiyo.

Kwa hesabu za hatua kwa hatua, au kuthibitisha nadharia ya jiometri, usijisumbue. Pale mpangilio wa mistari kutoka juu kwenda chini ndio hoja yenyewe, na kuutawanya kwenye matawi ni kuuvuruga.