Fangasi si wa vidoleni tu

Mtaani Dar, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, fangasi ni muwasho wa vidoleni unaokwisha kwa krimu. Kwa mtu aliyeungua vibaya, dhana hiyo ni ya hatari. Ngozi ikishateketea, fangasi aina ya Candida tunaoishi nao mwilini na aina ya Aspergillus wanaopeperuka hewani hupenya hadi kwenye nyama, hata damu.

Na si moto pekee. Mwaka 2011 kimbunga kilipopiga Joplin, Marekani, majeruhi 13 walishambuliwa na fangasi wa udongoni kupitia majeraha, 5 walifariki. Kwa hiyo jeraha la bodaboda lililojaa mchanga lisafishwe hospitali, tafadhali.

Kinachoniumiza ni mazoea ya kukimbilia duka la dawa kuongeza antibaotiki kidonda kikigoma kupona. Antibaotiki huua bakteria, haziui fangasi. Zikitumika muda mrefu huua hata bakteria wanaowabana fangasi, nao wakatamba.

Tazama ukingo wa kidonda. Wekundu ukigeuka kahawia au weusi, usipake asali wala dawa ya meno. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Daktari akishuku fangasi hukata kipande cha nyama kipimwe. Wakiwa wamezama, nyama iliyokufa huondolewa kwa upasuaji, na dawa kama amfoterisini B hupitishwa mshipani.